UZI: Altezza RS200 na spana za nyumbani: kipi ujifanyie, kipi umwachie fundi

Mzee wa Beams (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa wenye Toyota Altezza RS200, chesisi SXE10, ile yenye injini ya 3S-GE, maarufu kama Beams. Wenye AS200 ya 1G-FE karibuni pia, ila nyie maisha yenu ni mepesi na sababu nitaisema hapo chini.

Haya magari siku hizi yanauzwa bei ya kutupa. Vijana wanayachukua kwa ajili ya ile sauti na gia sita, halafu baada ya muda unaliona limepaki chini ya mwembe, tairi zimekaa. Ukiuliza unaambiwa "linasumbua". Ukichimba unakuta limeshabadilishiwa koili, sensa, pampu ya mafuta, hadi kontrol boksi (kompyuta ya injini), na tatizo lipo palepale. Mwenye gari hajafilisiwa na spea, kafilisiwa na kubahatisha. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kupima ujue mwenyewe, kufungua injini mwachie anayeijua.

Kwanza mjue mnachoendesha. Altezza ilitoka Oktoba 1998, ikabeba tuzo ya Gari la Mwaka la Japani msimu wa 1998–1999, na uzalishaji ukaisha 2005. Yaani hata lile changa kuliko yote ni gari la zamani sasa. RS200 ya gia za mkono inatoa farasi 210 kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika, kutoka injini ya cc 1,998 tu, bila tabo. Kompresheni ni 11.5 kwa 1, Yamaha walihusika kuitengeneza hiyo injini, na VVT-i, mfumo wa kurekebisha muda wa valvu kufunguka, ipo pande zote mbili, ya kuingiza hewa na ya kutoa moshi. Injini ya namna hiyo haivumilii oili chafu. Petroli nayo Wajapani waliiandikia ile ya oktani ya juu, ambayo kwao kawaida ni 100. Kwa hiyo ukisikia inagonga kama kokoto ukikanyaga kwenye mlima, usianze na sensa. Anza kwa kujiuliza umejaza wapi.

Suala la spea. Bodi, miguu na breki vinafanana sana na Lexus IS200 iliyouzwa Ulaya, hivyo boljointi, bushi na pedi hutakosa. Injini ndiyo shida. Hii 3S-GE ya VVT-i mbili haikuuzwa kwenye Lexus za Ulaya, kule walipelekewa 1G-FE na baadaye 2JZ kwenye IS300. Ya kwako unasubiri ya Japani, au yuzidi (iliyotumika) kutoka Gerezani, kule kwa wauza spea Dar, na hapo uwe na macho. Wenye AS200 sasa mmeelewa kwa nini nasema mna raha: 1G-FE ni injini ileile ya Mark II GX110, na GX110 hapa kwetu kila mtaa ipo.

Nianze na kitu kimoja kinachoniudhi kuliko vyote: thermostati.

Ukinunua Altezza hapa mjini, uwezekano ni mkubwa thermostati imeshatolewa. Sababu utakayopewa: "Afrika joto, hii waliwekewa Wazungu wa baridi." Wakuu, thermostati haijui kama uko Tabata au Sapporo. Kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto la kazi haraka na kuiweka hapo. Ukiitoa, injini inachelewa kupata moto, kontrol boksi inadhani bado ni asubuhi, inazidisha mafuta, plagi zinakuwa nyeusi na oili inachafuka mapema. Halafu kuna hili wengi hawalijui: kwenye injini nyingi za Toyota, thermostati ikifunguka upande wa rejeta, kisahani cha chini yake huwa kinaziba njia ya mkato. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Yaani kwenye foleni ya barabara ya Mandela unaweza kupandisha joto *kwa sababu* umeitoa ili gari lipoe.

Kuipima ni kazi ya jikoni. Chukua sufuria ya maji na kipimajoto. Ifunge thermostati kwa uzi, ining'inie ndani ya maji isiguse chini ya sufuria, maana chini ni moto kuliko maji. Washa jiko na uangalie. Ya Toyota ya kawaida inaanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84. Inaachia taratibu, utaona mwanga mwembamba pembeni ya kisahani kabla hakijashuka. Maji yakifika 95 inatakiwa iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Ikiganda, au ikifunguka wakati maji yameshaanza kuchemka, itupe. Ukifunga mpya, kile kivalvu kidogo kinachochezacheza kikae juu ili hewa ipate pa kutokea. Na jaza kulanti, achaneni na maji ya bomba. Maji matupu yanakula wota pampu, na wota pampu ya hii injini inaendeshwa na taiming belti, kwa hiyo ikijamu haifi peke yake.

Mengine ya nyumbani nayapitia haraka:

Oili na filta, kila mtu anaweza. 5W-30 nzuri kutoka duka unaloliamini. Dipstiki uiangalie kila wikiendi, gari likiwa sehemu tambarare, sio siku taa inapowaka.

Plagi na koili: kila silinda ina koili yake juu ya plagi, na hiyo ni bahati yako. Gari likiwa na misi, yaani silinda moja haichomi sawasawa, hamisha koili ya silinda inayosumbua uipeleke silinda nyingine. Misi ikihama nayo, koili ndiyo mbaya. Isipohama, usinunue koili. Na kabla ya yote chungulia kwenye shimo la plagi: ukikuta oili, ni sili za tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini), sio umeme.

Breki: oili ya breki badilisha kila baada ya miaka miwili kwa sababu inanyonya unyevu. Pini za kalipa zitoe, zisafishe, paka grisi ya breki na sio grisi ya beringi.

Boljointi za chini za mbele ndiyo ugonjwa wa ukoo wa hizi gari na IS200. Kuzipima, jeki iweke chini ya *armu ya chini*, karibu na tairi, ili uzito utoke kwenye boljointi. Ukijeki kwenye chesisi, springi inaisukuma armu na boljointi mbovu inakaa kimya kama nzima. Ukishanyanyua, penyeza nondo chini ya tairi, inua, mwenzako aweke kidole pale kwenye jointi. Ikicheza, gari lisitoke hapo. Boljointi ikichomoka ukiwa barabarani tairi linalala.

Na mwisho, jeki ni ya kunyanyulia. Ukiingia chini weka stendi. Matofali hapana, rimu hapana.

Nawasilisha. Wenye maswali twendeni.

---

Spana Kumi na Nne

Mkuu umeandika vizuri, mimi ni fundi Ilala na nakuunga mkono kwenye thermostati, ingawa nijitetee kidogo kwa niaba ya wenzangu. Mteja anakuja rejeta imeziba nusu, ukimwambia rejeta mpya anasema hana hela, nifanyie chochote nifike nyumbani. Ndiyo inatolewa. Kesho anamuuzia mwingine gari, lawama kwa fundi.

Shida yangu na nyuzi kama hizi ni moja. Mtu akishafaulu kubadilisha plagi, wiki inayofuata anaangalia video, anafungua taiming belti. Halafu ananiletea gari kwenye towing na boksi la bolti zimechanganyika. Mtoe kauli hapa: taiming belti ya Beams ni ya nyumbani au si ya nyumbani?

---

Mzee wa Beams

Si ya nyumbani, kaka. Na nitoe sababu ili isionekane natisha watu.

Hii injini belti ikikatika, au ukiruka meno, pistoni na valvu zinakutana. Hakuna "nitasukuma nijaribu tena". Pili, gia za kamshafti zote mbili zina VVT-i ndani, sio puli za kawaida za kushika na spana ukakaza. Ukizishika vibaya unaua kipini cha ndani au sili, na gia moja mpya bei yake inakaribia ya injini ya mnyonge. Muda wa belti ni kilomita 100,000, na kwa sababu kilomita za dashibodi zilizopita mikono mingi hazina uhakika, mimi nashauri ukishalinunua tu bila rekodi, badilisha: belti, tensheni, wota pampu, sili za kamshafti na ya krenki, vyote kwa mpigo. Fundi atafungua palepale, ufundi ni uleule.

Wewe kazi yako iwe kununua vifaa mwenyewe, kukaa pale, na kuona alama zinavyolingana kabla kava halijarudi. Fundi mzuri hachukii kuangaliwa.

---

Spana Kumi na Nne

Hapo tumeelewana. Na azungushe krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili, alama zirudi mahali pake, kabla ya kugusa stata. Fundi anayeruka hiyo hatua mkimbieni.

---

Mpwani001

Salaam ndugu zangu. Mimi niko Mombasa, yangu RS200 ya mwaka 2001. Sisi huku Kenya sheria ya kutoingiza gari lililozidi miaka minane ilishafunga mlango, hizi gari haziji tena, zilizoko ndizo hizo hizo, kwa hivyo twazitunza kama mayai.

La thermostati ni kweli kabisa. Yangu niliikuta haina, nikarudisha, na sindano ya joto sasa imetulia mpaka Nyali bridge na foleni yake yote. Niongeze la watu wa pwani: chumvi. Hii hewa yetu hula pini za kalipa na nati za miguu. Ukipanga kufungua boljointi Jumamosi, anza kupulizia dawa ya kutu Alhamisi, rudia Ijumaa. Nati ikikataa, usiivunje kwa hasira. Kaza kidogo kwanza ndipo ulegeze. Na nati za tairi ni boksi ya 21, kaza kwa torki renchi hadi 103 Nm. Wale vijana wa pancha na ile mashine yao ya upepo hukaza hadi stadi huvutika.

---

kijana_wa_juzi

Wakuu samahani, kuna fundi kaniambia nitoe Beams niweke 1G ya GX110 nipumzike. Mwingine anasema niende 2JZ moja kwa moja. Mnashaurije?

---

Mzee wa Beams

Mdogo wangu, gari lina tatizo gani?

---

kijana_wa_juzi

Asubuhi nikiwasha inapiga kelele krrrrr kama misumari kwenye kopo, sekunde kama mbili, halafu inaacha. Siku nzima haina shida.

---

Mzee wa Beams

Kwa hiyo unataka kutoa injini ya farasi 210 kwa kelele ya sekunde mbili. Haya.

Hiyo dalili kwenye Beams mara nyingi ni gia ya VVT-i, na ya upande wa kuingiza hewa ndiyo inayoongoza kwa kesi. Ndani ya gia kuna kipini cha kufunga. Injini ikiwa imezimwa, kipini kinatakiwa kiishike gia isicheze hadi presha ya oili ifike. Kipini kikilika, au oili yote ikiwa imeshuka usiku, gia inajigonga huku na huku hadi oili ipande. Presha ikishafika inatulia, ndiyo maana huisikii tena mchana.

Fuata huu mpangilio, wa bei rahisi unaanza. Oili umebadilisha lini na ni ipi? Watu wanaweka 20W-50 kwa sababu "gari la zamani". Oili nzito inachelewa kufika juu, na hiyo gia inaishi kwa oili. Weka 5W-30 na filta nzuri yenye kile kivalvu cha kuzuia oili isirudi, tembea nayo kiasi, sikiliza. Kisha valvu ya kudhibiti oili ya VVT-i. Chomoa soketi yake, pima ukinzani kwa mita: kwenye Toyota za VVT-i za enzi hizo inasoma kama omu 7 gari likiwa la baridi. Ukiifungua, ipe umeme wa betri kwa kuugusa tu, sekunde moja. Utaona kijiti cha ndani kinaruka na kurudi. Kikisita au kikibaki katikati, kina uchafu, kioshe kwa petroli safi ujaribu tena. Vyote vikiwa vizima na kelele ipo, hapo ni gia, na gia anaifunga Spana Kumi na Nne, sio wewe.

2JZ ni nzuri sana, sibishi. Ila inakuja na propela, engine maunti, waya, rejeta na kubadilisha kadi ya gari. Bajeti ya anayelalamikia kelele ya asubuhi sio bajeti hiyo.

---

Spana Kumi na Nne

Niongezee, akiuziwa injini nyingine ya VVT-i, aitikise gia ya kamshafti kabla hajalipa. Ikicheza huku na huku bila kujifunga, anahamisha ugonjwa.

---

DadaGiaSita

Habari zenu kaka zangu. Niko Arusha. Yangu ina shida nyingine. Mwezi huu wa baridi asubuhi inapiga stata mpaka naona aibu kwa majirani. Ikishawaka inakohoa kidogo, ikipata moto ni gari jipya. Taa ya cheki injini inawaka. Nimenunua kile kifaa cha bluetooth cha kusomea gari, kwenye Vitz ya dada yangu kinasoma, kwenye Altezza hakiungani kabisa. Fundi ameniambia ninunue pampu ya mafuta. Ninunue?

---

Mzee wa Beams

Dada usinunue kitu kwanza. Pampu ya mafuta iliyokufa haisubiri baridi ya Arusha, ingekusumbua hata mchana kwenye mlima.

Kifaa chako ni kizima. Toyota nyingi za soko la Japani za miaka ile zina soketi ya pini 16 lakini haziongei lugha ya hivyo vifaa. Zina njia yake, na haina gharama, unahitaji kipande cha waya tu.

Zima swichi. Soketi iko chini ya dashibodi upande wa dereva. Ukiitazama ile sehemu pana ikiwa juu, mstari wa juu ni pini 1 hadi 8 kutoka kushoto, wa chini ni 9 hadi 16. Unganisha namba 4 na namba 13 kwa waya. Namba 4 ni ya nne juu, 13 ni ya tano chini. Hesabu mara mbili. Namba 16, ya mwisho kabisa chini kulia, ina umeme wa betri muda wote, hiyo usiiguse. Kisha washa swichi bila kupiga stata. Taa ya cheki injini itaanza kukonyeza, na ya ABS na ya eabegi zinaweza kukonyeza pia, usishtuke.

Ikikonyeza harakaharaka bila kituo, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikikonyeza kwa mafungu, fungu la kwanza ni makumi, inapumzika, la pili ni mamoja. Baadhi ya namba: 22 ni sensa ya joto la maji, 25 ni mchanganyiko wenye hewa nyingi, 31 ni upande wa kipima hewa, 41 ni sensa ya throto. Andika unachoona uje nacho.

---

DadaGiaSita

Kaka, mbili, kituo, mbili. Inarudia hiyohiyo. Nimemwita na mwanangu ahesabu, naye kapata 22.

---

Mzee wa Beams

Sensa ya joto la maji. Na inaendana na maelezo yako yote. Kontrol boksi ikikosa habari za hiyo sensa inajikadiria kwamba maji yana nyuzi 80. Asubuhi ya baridi injini inataka mafuta mengi, yenyewe inaipa ya injini ya moto, ndiyo unapiga stata hadi majirani wanachungulia. Ikipata moto kweli, makadirio na ukweli vinakutana, gari linakuwa jipya.

Bado usinunue sensa. Tafuta sensa yenyewe kwenye njia ya maji, ina soketi ya waya mbili. Angalia soketi kwanza, kisha chomoa upime pini za sensa kwa mita. Injini ikiwa baridi, kama nyuzi 20, inatakiwa isome kati ya kilo-omu 2 na 3. Ikiwa ya moto, karibu na 80, ishuke hadi kati ya 0.2 na 0.4.

---

DadaGiaSita

Sensa inasoma 2.4 asubuhi hii. Lakini soketi yake ile klipu ya kufungia imevunjika, inakaa tu kwa huruma, na waya mmoja ukiuvuta unatoka wenyewe. Nikikumbuka, thermostati ilitolewa mwaka jana na mkono ulipita hapohapo.

---

Spana Kumi na Nne

Hahaha thermostati tena. Dada sensa yako nzima. Nenda kwa wauza yuzidi, omba soketi hiyo pamoja na waya wake kama sentimita 15, peleka na ya zamani waifananishe. Toyota nyingi za wakati huo zinatumia ileile. Ichomelewe kwa risasi ya kuungia waya na kuvalishwa mpira wa kubana, isisokotwe na selotepu, pale pana joto.

---

Mzee wa Beams

Ukimaliza, chomoa fyuzi ya EFI kwa dakika moja hivi kufuta kosa, irudishe, rudia pini 4 na 13. Ikikonyeza haraka bila kituo umemaliza. Na kwa kuwa yako ilitolewa mwaka jana, nunua na thermostati, uipitishe kwenye sufuria kwanza hata kama ni mpya.

---

DadaGiaSita

Imekonyeza haraka. Leo asubuhi imewaka kwa mara moja. Thermostati nimepata mbili dukani, moja imefunguka nyuzi 82, nyingine maji yamechemka haijatikisika na ina boksi lenye nembo. Nimeirudisha, wamenibadilishia bila kelele nilipowaonyesha video ya sufuria.

---

kijana_wa_juzi

Mzee nimeweka 5W-30. Kelele imepungua ila haijaisha, asubuhi ipo kidogo. Valvu inasoma 7.2 na kijiti kinaruka vizuri.

---

Spana Kumi na Nne

Gia hiyo. Njoo Ilala siku za kazi, na kama huna rekodi ya belti njoo na hela ya belti kabisa.